Godoro la Siku ya Wageni

Kahawa ilipoletwa kiwandani kwetu, karani hakutazama juu ya gunia. Juu kila mtu huweka buni nyekundu zilizoiva mpaka zinang'aa, hata mlevi anajua kufanya hivyo. Karani alikunja mkono wa shati, akauzamisha ndani ya gunia mpaka karibu na kwapa, akatoa konzi ya kule chini. Ikitoka kijani, gunia linarudishwa kwa mwenyewe mbele ya watu wote akachambue upya. Nilibeba magunia hapo mpaka bega langu la kulia likateguka na kukataa kurudi mahali pake, na sikumwona karani aliyedanganywa na juu ya gunia. Kwa hivyo nilipoambiwa kuna watu wa ofisi fulani ambao kazi yao ni kukagua hizi huduma za kutunza wagonjwa nyumbani, nilifurahi. Nilidhani nao huingiza mkono.

Mke wangu alikuwa Kagendo. Kwao ni Chuka, kwetu ni Embu, lakini maisha yetu yote ya ndoa tuliishi hapa Gatitu, karibu na kazi. Kiharusi kilimpata shambani akichimba viazi. Nilimkuta ameketi katikati ya matuta kama mtu aliyepumzika, jembe mapajani, na nilipomwita akacheka na nusu ya mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa umekwenda. Hospitalini walimlaza kidogo, kisha wakasema kitanda kinangojwa na mwingine, nimrudishe nyumbani. Nikauliza nitamgeuza vipi na bega hili. Daktari alikuwa ameshahamia kitanda cha pili.

Binti yetu Sophie, mtoto wetu wa pekee, yuko Qatar. Kazi yake huko ni kumwosha, kumlisha na kumgeuza bibi kizee wa watu. Hilo sitaki kulisema sana. Ndiye aliyetafuta kwa simu mpaka akapata kampuni inayoitwa Mikono ya Neema, yenye ofisi mjini juu ya duka la mbegu. Mwenye kampuni ni mama mmoja, Magdaline. Alikuja siku ya kwanza na gari, akamshika Kagendo mkono, akaomba vizuri sana, halafu akaahidi. Wahudumu wawili asubuhi na wawili jioni. Muuguzi wa kuja kila wiki kuangalia ngozi ya mgonjwa. Alisema kumgeuza mtu aliyepooza ni kazi ya watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, ili anyanyuliwe, asiburutwe, maana ngozi ya mtu mzima ikiburutwa kwenye shuka hupasuka kama karatasi ya sigara. Mimi sikulijua jambo hilo. Ni yeye aliyenifundisha. Mlikumbuke, kwa sababu yeye alilisahau.

Wale wawili walikuja mwanzoni. Halafu akawa anakuja mmoja, asubuhi tu. Muuguzi wa kila wiki hatukumwona hata kisigino. Nilipompigia Magdaline alinipa nimwongeleshe Maxwel, kijana wake wa kusimamia kazi, na Maxwel alikuwa na maneno laini kama mafuta ya mgando: wafanyakazi ni wachache, mzee, tuvumiliane, tunafuatilia. Kila wakati walikuwa wanafuatilia. Sijui walikuwa wanafuata nini na mgonjwa yuko hapa.

Huyo mmoja aliyekuwa akija ni Khavere, msichana wa Vihiga, mwembamba kama ufito wa uzio. Alikuwa na nyumba zingine za kupitia, kutoka Gatitu mpaka Kiganjo, na alifika kwetu viatu vikiwa na umande. Kagendo alimpenda. Walikuwa wakichekana. Khavere alimwita shosho, kama nyanya yake, na shosho alimuuliza kila asubuhi kama amepata bwana, na Khavere akajibu bwana atatoka wapi na kutwa nzima yuko na wazee. Alikuwa akimwosha mikono na uso, akimlisha uji kijiko kwa kijiko, akingoja ameze kabla ya kumpa kingine. Lakini kumnyanyua hakuweza. Kagendo alikuwa mwanamke mkubwa. Msichana alishika shuka upande mmoja akavuta, mimi nikisukuma kwa mkono mmoja upande wa pili, na mke wangu akaburutwa kama gunia. Nilisikia jinsi shuka ilivyolia.

Doa likaanza chini ya mgongo, pale mfupa unapoishia. Mara ya kwanza lilikuwa jekundu tu. Khavere alinionyesha akaniambia hili si jambo la kuchezea, akapiga simu ofisini nikiwa nimesimama hapo. Wakamwambia apake mafuta. Akapaka. Wiki ikapita doa likafunguka. Wakamwambia aweke poda. Nilipolitazama tena niliona ndani ya mke wangu, na kulikuwa na harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu ng'ombe wetu afie zizini.

Sophie akaniambia kwa simu, "Baba, usiongee na kampuni tena. Enda kwa wale wanaowakagua."

Nikaenda. Dirisha la kwanza wakanielekeza la pili, na la pili mwenyewe alikuwa ameenda chai. Watu wenye vyeo hunywa chai nyingi sana nchi hii. Mwishowe nikaingizwa kwa mama mmoja anayeitwa Valentine, na huyo, kusema haki, alinisikiliza. Aliweka kalamu chini akanitazama nikieleza. Nikamwambia hitaji langu ni moja: mtu mwenye mamlaka afike, afunue blanketi, aone kile kidonda, alazimishe kampuni ilete watu wawili na muuguzi. Sikutaka kesi. Sikutaka fidia. Nilitaka mke wangu anyanyuliwe.

Valentine akasema karibuni wangeanza kukagua huduma zote za namna hiyo, kuona ubora na usalama wake, na nyumba yangu itakuwa kati ya zile watakazotembelea.

"Nitakuja mimi mwenyewe, mzee," akasema. "Mambo ya mgongo wa mama inataka mwanamke."

Nikatoka pale nikitembea kama kijana. Kagendo nilimwambia atulie, mtu wa kuingiza mkono chini ya gunia amepatikana.

Sasa sikieni jinsi wakubwa wanavyokagua. Kwanza wanapiga simu. Wanampigia yule wanayetaka kumkagua, wanamwambia tutafika Alhamisi. Nilimweleza Sophie, akasema kwamba kule aliko wakaguzi hawapigi simu. Wanabisha tu, na wanawakuta jinsi walivyo, mwingine na nywele hajachana. Nikamwambia hapa ni Kenya, mama.

Habari ya Alhamisi ikafika kwa Mama Kingori. Huyo ni jirani yetu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, na hakuna jambo Gatitu ambalo halipiti kwake. Aliposikia kuna wageni kutoka ofisini wanakuja kwa Baba Sophie, aliita wenzake, na Jumatano walikuwa wamejaa uani na fagio, ndoo, na vile vitambaa vya kushonwa kwa mkono wanavyotandika juu ya viti kukiwa na harusi. Nikasimama mlangoni.

"Mama Kingori, wacheni nyumba ikae vile iko. Hawa si wageni, ni wakaguzi."

"Na mkaguzi hana tumbo?"

"Nataka waone vile tunaishi."

"Waone, ndio waende waseme wanawake wa Gatitu ni wachafu? Baba Sophie, toka hapo mlangoni, ama ushike kuku."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Mwingine akasema tangu Mama Sophie alale mimi nimekuwa kama jogoo aliyenyeshewa, na wakacheka tena, na nilisikia ndani Kagendo naye akicheka kwa ule mdomo wake wa nusu. Alikuwa hajacheka siku nyingi. Ningewafukuza vipi? Nikaenda nikashika kuku.

Walisugua sakafu. Walifua mapazia yakarudi rangi ambayo mimi nilikuwa nimeisahau. Walifungua madirisha yote, wakamwosha Kagendo mwili mzima, wanne kwa pamoja, wakimnyanyua vile Magdaline alivyosema mtu anyanyuliwe. Waliona kidonda, na Mama Kingori alitoka nje akajifuta macho na kanga. Halafu akarudi. Wakakisafisha kwa maji ya chumvi, wakakifunika na kitambaa cheupe kipya, wakampaka Kagendo mafuta mazuri, wakamvika kitambaa cha kichwa cha siku ya Pasaka. Juu ya yote wakatandika lile blanketi tulilopewa siku ya harusi, ambalo halikuwa limetoka sandukuni. Nilipoingia chumbani nilitafuta ile harufu. Haikuwepo. Chumba kilinukia sabuni kama wodi ya watoto.

Kwetu mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba. Hata kama mmelala njaa, mgeni akibisha mtakohoa kama watu walioshiba. Hilo nililijua, nimelelewa nalo. Lakini wale wa ofisini nao ni watoto wa huku, wamelelewa nalo pia. Walijua nyumba hufanywa nini ikiambiwa wageni wanakuja Alhamisi. Kwa nini basi walipiga simu?

Alhamisi asubuhi ilikuwa na ukungu wa Julai, na gari la kampuni likaja mapema. Maxwel akashuka na vitu ambavyo hatukuwahi kuviona: katoni ya glavu, dawa ya kunawa mikono, vyuma vya kuzuia mgonjwa asianguke, na godoro la upepo lenye pampu yake. Alikuja pia na mhudumu wa pili, msichana mwenye sare mpya, Jackie, ambaye alimuuliza Khavere kwa sauti ya chini mgonjwa anaitwa nani. Khavere hakunitazama usoni asubuhi yote.

Wakaweka lile godoro, wakamlaza Kagendo juu yake, Jackie huku na Khavere kule. Pampu ikaanza kuunguruma kama paka. Godoro lile lina mifuko mingi, huu unajaa na ule unapungua, halafu wanabadilishana, hivyo mwili haukai juu ya mfupa mmoja. Nikaona uso wa mke wangu ukilegea. Ile mikunjo ya kati ya macho, ambayo ilikuwa imekuwa sehemu ya sura yake, ikafunguka.

"Hii kitanda inapumua, Baba Sophie," akaniambia. "Inapumua chini yangu." Akalala usingizi hapohapo, mchana, bila kuguna.

Wakaguzi wakafika mchana. Nilitoka uani kumpokea Valentine. Valentine hakuwepo. Alikuwa ametumwa Murang'a kwenye semina. Walikuja wanaume wawili. Mkubwa alikuwa Mutuku, mtu mnene, mpole, wa Machakos, ambaye alivua kofia kabla ya kuingia. Wa pili alikuwa kijana, Kiogora, kutoka Meru. Nikasimama pale nikiwa na mkono wa salamu hewani. Ofisi nzima ilikosa mwanamke wa kutuma kuangalia mgongo wa mwanamke.

Mama Kingori aliwapokea kabla sijasema lolote. Maji ya kunawa yakamiminwa. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa tayari, kuku alikuwa tayari, chai ya maziwa matupu ilikuwa tayari. Walikataa kwa adabu, wakakaa kwa adabu, wakala. Maxwel alikula nao akiwaeleza mipango ya kampuni. Mutuku alikuwa na karatasi zake mapajani na aliuliza maswali mazuri, siwezi kusema uongo. Dawa zinatunzwa wapi. Mhudumu hunawa mikono lini. Mgonjwa akianguka nani anaitwa. Kwa kila swali kulikuwa na kitu cha kuonyesha. Glavu zile pale. Vyuma vile pale. Jackie yule pale na sare yake.

Wakaingia chumbani. Kagendo alikuwa ameamka. Kiogora akamsalimia kwa Kimeru, na mke wangu aliposikia lugha ya upande wa kwao uso wote ukawaka, hata ule upande uliokufa. Akamuuliza ni mwana wa nani, mama yake anatoka wapi. Ikatokea kwamba mama yake Kiogora alizaliwa ng'ambo ya mto kutoka kwao Kagendo, soko lao moja. Kagendo akamwita mwanangu. Kijana akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nikaona nikingoja zaidi watatoka. Nikasema, "Ako na kidonda mgongoni. Kubwa. Ndiyo nilikuja huko ofisini kusema."

Maxwel hakushtuka hata kidogo. "Ni kweli, mzee. Na ndiyo sababu tumeleta godoro ya upepo. Tunakishughulikia."

Mutuku akaandika kitu. Halafu akauliza kama wanaweza kukiona. Kiogora alikuwa ameangusha macho sakafuni. Kwetu mama aliyezaa haonwi mwili na mtu wa umri wa mwanawe. Ni aibu kwa anayeonwa, na kwa anayeona ni laana, wazee walisema mtu huyo hatazaa. Kijana alilijua hilo, na alikuwa ameitwa mwanangu dakika hiyohiyo. Lakini mimi nilifikiria shuka jinsi ilivyolia. Nilifikiria ile harufu. Nikainama, nikashika upindo wa blanketi la harusi yetu ili nilifunue.

Mkono wa kulia wa Kagendo, ule mzima, ukalishika upande wa pili.

"Baba Sophie," akasema. "Usiniaibishe mbele ya watoto."

Nikavuta kidogo. Akavuta. Alikuwa na nguvu katika mkono huo, nguvu zote zilikuwa zimehamia huko. Tulitazamana. Mutuku akakohoa akasema si lazima, mama asisumbuliwe, ataandika kwamba mwenzao wa kike atakuja kuangalia siku nyingine. Halafu akainama karibu na mto akauliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mama yake, yeye mwenyewe mama anaionaje hii huduma.

Kagendo akamtazama Khavere aliyekuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma. Akasema, "Nashukuru Mungu. Hawa watoto wananilea vizuri. Mmekula?"

Nikaachilia blanketi.

Walitoka wakishukuru. Mama Kingori aliwafungia mukimo wa njiani. Gari lao lilikuwa halijafika barabarani Maxwel aliporudi chumbani na kuzima pampu. Nilidhani anataka kuirekebisha. Akasema godoro linahitajika Kiganjo, kuna nyumba nyingine ya kukaguliwa kesho, litarudi. Jackie akafungua kifuniko na upepo ukaanza kutoka kwa mluzi mrefu, Kagendo bado amelala juu yake. Alishuka polepole mpaka nikaona mwili ukigusa godoro letu la sponji. Ile mikunjo ya kati ya macho ikarudi, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakambingirisha wakalivuta chini yake, wakalikunja. Glavu nazo wakabeba. Dawa ya kunawa mikono wakabeba.

Nikamwambia Maxwel amwache nalo hata mpaka jioni. Akaniita mzee wangu. Akaniambia hayo ni maamuzi ya ofisi.

Walipoondoka nilikaa kando ya kitanda na nilikuwa na hasira, hata na yeye. Nikamuuliza kwa nini. Ningeonyesha na yote yangekwisha.

"Ungetaka niseme nini na huyu msichana amesimama hapo?" akasema. Maneno yalimtoka kwa taabu, mate yakimtiririka upande mmoja, nikamfuta. "Ningesema, wangemfukuza Khavere. Yule wa gari hangefukuzwa. Wewe umefanya kazi ya watu miaka hiyo yote na hujui hivyo?"

Nilijua. Kiwandani buni zikioza anafukuzwa aliyeamka usiku kuzifunika, si aliyekataa kununua turubai.

Tukangoja mwenzao wa kike. Nilipiga simu ile ofisi wakasema Valentine amerudi lakini ana kazi zilizorundikana. Nikapiga tena, wakasema ripoti ya nyumba yangu ni nzuri, kwa hivyo si ya haraka, wanaanza na zile mbaya. Ripoti yangu ni nzuri. Khavere aliendelea kuja na viatu vyake vya umande, akavuta shuka, nikasukuma. Godoro la upepo halikurudi. Akina mama walikuja kusaidia kumnyanyua siku za kwanza, lakini kila mmoja ana shamba lake na wagonjwa wake, na sikuweza kuwalaumu. Wao hawana cheo cha kulipwa.

Asubuhi moja Khavere alimgusa paji la uso akarudisha mkono. Kagendo alikuwa akiungua na kutetemeka, na alikuwa akiniita kwa jina la kaka yake. Khavere akapiga ofisini. Maxwel akasema muuguzi atapita Jumatatu. Msichana alilia kwenye simu, akamwambia bosi wake maneno ambayo sikudhani anayajua. Kingori, mwana wa jirani, akaleta pikapu yake, tukamlaza nyuma juu ya magodoro ya nyumba tatu.

Hospitalini daktari alifunua. Hakuuliza mwana wa nani yuko chumbani. Walikuwa vijana wa mafunzo wamemzunguka, wavulana kwa wasichana, wote wakatazama, na mke wangu hakuwa na nguvu tena ya kushika blanketi. Hapo ndipo mkono ulipoingizwa chini ya gunia. Daktari akanigeukia mimi.

"Mzee, mlikuwa wapi mpaka ikafika mfupa?"

Mimi nilikuwa wapi. Ningeanzia dirisha lipi?

Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Hakukaa. Sophie aliruhusiwa kuja kuzika lakini yule bibi wa kule alikuwa mgonjwa, ndege ikamchelewesha, akafika udongo ukiwa bado mbichi. Magdaline alikuja mazishini na shada la maua lenye jina la kampuni. Aliomba vizuri sana.

Kwetu mtu akizikwa, nyumba inasafishwa. Nguo zake zinafuliwa na kugawiwa, matandiko aliyofia yanachomwa, kitanda kinatolewa nje kupigwa jua. Mama Kingori na wenzake walirudi na ndoo zilezile. Walichoma shuka zilizolia. Walichoma lile godoro la sponji lililokuwa limelowa katikati mpaka rangi ya chai. Walisugua mbao za kitanda kwa mchanga na maji moto mpaka zikawa nyeupe kama mbao za kiwandani. Mimi nilikaa chini ya ukuta wa zizi nikiangalia moshi. Sikuwaza kitu. Nani huwaza ushahidi siku hiyo?

Sophie alikuwa amesharudi Qatar Valentine alipokuja. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, bila kupiga simu safari hii, akanipa pole, na nadhani ilikuwa pole ya kweli kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia nisidhani ofisi imelala. Hatua zimechukuliwa.

"Hatua gani?"

"Yule mhudumu aliyekuwa akija hapa ameachishwa kazi. Kampuni yenyewe ilichunguza ikampata na kosa."

"Khavere?"

"Nafikiri ndilo jina. Kampuni imeshirikiana na sisi vizuri sana."

Nikamwambia Khavere ndiye peke yake aliyekuwa akija. Nikamwambia juu ya godoro na mluzi wake. Nikamwambia alilosema Kagendo siku ile, kwamba yule wa gari hangefukuzwa. Nikamwambia mengi, sikumbuki yote, niliongea mpaka mdomo ukakauka. Alisikiliza vilevile kama mara ya kwanza, kalamu chini. Kisha akauliza, na aliuliza kwa aibu, kama kuna kitu chochote anachoweza kuona kwa macho yake. Karatasi aliyonayo inasema nyumba ilikuwa safi, vifaa vilikuwepo, na mgonjwa mwenyewe alishukuru. Angetaka kuandika tofauti, lakini angehitaji kitu.

Nikampeleka chumbani. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa, na juu yake godoro jipya ambalo Sophie aliniachia, na juu ya godoro blanketi la harusi. Akalipapasa kwa juu.

"Usiguse juu," nikamwambia. "Ingiza mkono chini."

Hakuniuliza kwa nini. Akavua saa, akakunja mkono wa sweta, akapiga magoti, akauingiza chini ya godoro mpaka kwapani. Huyu angefaa kiwandani. Akapapasa mbao huku na huku, polepole, mpaka ukutani, nami nikiwa nimesimama nyuma yake nikiomba ipatikane hata harufu. Akautoa mkono akautazama pande zote mbili. Ulikuwa msafi. Hata vumbi halikuwepo.

Alibaki amepiga magoti. Nje nikasikia viatu vya Mama Kingori, ambaye alikuwa ameona mgeni kutoka upande wa pili wa ua. Alikuja amejifunga kanga mpya, amebeba chupa ya chai na sahani iliyofunikwa, akamwambia mgeni asithubutu kuondoka kwa Baba Sophie kabla hajaonja kitu.